Njia ya Kinubi: Kutoka Gesima hadi Nyahera

Mzee wa Kisii ukimuuliza walikotoka watu wake, haanzii Getembe, yaani mji wa Kisii wenyewe. Atakupeleka kwanza Mlima Elgon, akuteremshe hadi Goye, upande wa Yimbo kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, akupitishe Kisumu, akukalishe vizazi kadhaa katika uwanda wa Kano, kisha akupandishe hadi Kabianga karibu na Kericho, mahali ambapo simulizi zinasema baridi iliua mimea na ng'ombe wakaangamia. Kutoka Kabianga watu walielekea kusini hadi Trans Mara, wakabanwa huko na Wamasai, ndipo wakapanda vilima hivi vyenye mvua ambavyo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira. Mwanahistoria William Ochieng' alizikusanya simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu Abagusii kabla ya ukoloni, na hadi leo mtoto anayesoma historia ya huku hupitia vituo vile vile kwa mpangilio ule ule.

Nimeipita njia hiyo kwa kuanzia mwisho wake. Nilianzia Gesima, katika Nyamira, nikarudi nyuma kuelekea ziwani kwa barabara ya lami, na Trans Mara nikaiacha upande wa kulia. Nilichokuwa nafuata ni kinubi. Kwa Wakisii kinaitwa obokano, kwa Wakipsigis chepkong, kwa Wajaluo nyatiti, na kote huko ni chombo cha ukoo mmoja: bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili inayopanda juu, mti unaoiunganisha, na nyuzi zinazoteremka hadi kwenye ngozi. Mwisho wa safari ni Nyahera, juu ya vilima vya Kisumu, alikoishi miaka yake ya mwisho Ayub Ogada, mwimbaji aliyekifikisha kinubi hiki mbali kuliko Mkenya mwingine yeyote ninayemjua. Nilitaka kumfikia kwa njia waliyopita wenye kinubi kabla yake, kwa sababu naona habari zake zimezoeleka kusimuliwa kuanzia London, na ukianzia London huwezi kuelewa alichokifanya.

Gesima iko upande wa Kitutu Masaba, kwenye miteremko ya majani chai na migomba, jirani na mashamba ya Borabu ambayo walowezi wa Kizungu waliyaacha na familia za Kisii zikagawiwa miaka ya 1960. Asubuhi kuna ukungu, na barabara za udongo mwekundu zimejaa watu waliobeba vikapu vya majani kwenda kituo cha kupimia. Huku ndiko mzee mmoja alikonitolea obokano yake kutoka chumba cha ndani, ikiwa imefunikwa gunia la mbolea. Niliipokea kwa mikono miwili maana ni nzito. Ina nyuzi nane. Zamani nyuzi hizo zilitengenezwa kwa mishipa ya ng'ombe. Zake zilikuwa za nailoni, uzi ule ule ambao wavuvi wa Ziwa Victoria hufungia ndoano, na huuzwa madukani hadi huku juu ambako hakuna anayevua. Nilifurahi kuona hilo. Watu walioliacha ziwa karne nyingi zilizopita bado wanatumia uzi wa ziwa kufungia sauti yao.

Tata, kama nilivyomwita kwa heshima ya huku, alichukua muda mrefu kuziweka nyuzi sawa kuliko muda alioimba. Alizungusha vifundo vya juu kimoja kimoja, akisikiliza kwa kuinamisha shavu karibu na mti, na kila uzi ulipokaa mahali pake alirudia ule wa kwanza kuhakikisha haujalegea. Alipoanza kupiga, mlio ulikuwa mzito, wa kuguruma, unausikia kifuani kabla ya masikio. Wageni wamewahi kuifananisha obokano na besi kubwa ya okestra. Kwangu mimi ilisikika kama mtu anayesema taratibu kwa sauti nene huku wengine wote wamenyamaza.

Jambo la kwanza aliloimba ni jina la baba yake. La pili ni la kwake mwenyewe na la kijiji chake. Kisha ndipo habari yenyewe ikafuata, kuhusu mtu aliyeoa mbali. Katikati ya wimbo alirudi tena kujitaja, na mwishoni akajitaja mara nyingine. Sikuhitaji kuuliza sababu. Wimbo wa kinubi hauna jalada wala lebo wala ukurasa wa nyuma wa kuandika nani katunga. Mwimbaji anatia sahihi ndani ya wimbo wenyewe, na kila anayeuchukua kwenda nao kwingine analazimika kuchukua na jina, la sivyo ataacha shimo kwenye mizani. Huo ndio uzi nilioushika kutoka Gesima, na kila niliposimama njiani nilijiuliza swali moja: wimbo umesafiri, je, jina lilisafiri nao?

Obokano haikuachwa kwa sababu watu waliichoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 Wakatoliki walikuwa tayari Nyabururu na Waadventista Wasabato Nyanchwa, na kinubi kilikuwa chombo cha arusi, cha sherehe za jando na cha vikao vya pombe. Muumini mpya alipoacha pombe aliacha na kikao, na alipoacha kikao hakuwa tena na mahali pa kukisikiliza kinubi. Kwaya zikachukua nafasi, na zikaichukua kwa uhodari mkubwa: pita Nyamira Jumamosi yoyote usikie. Baadaye gita likaja na watu waliorudi kutoka vitani, kutoka mashamba ya Kericho na kutoka Nairobi, na likapata Wakisii wa kulipiga kwa lugha yao. Jina la Christopher Monyoncho halihitaji utambulisho mahali hapa. Katika santuri zake na za wenzake gita linapiga mzunguko mfupi unaojirudia, na mwimbaji anataja watu, wake kwa waume, marafiki na wafadhili, kwa majina yao kamili. Chombo kilibadilika na desturi ya kutaja ikabaki. Na siku hizi wapo vijana walioirudia obokano yenyewe, kama Grandmaster Masese, mshairi aliyeipeleka kwenye majukwaa ya Nairobi, akaghani juu yake.

Kutoka Gesima unatokea Keroka, unashika barabara ya Sotik, unapita Nyansiongo, unafika Chebilat. Soko hili limekaa juu ya mpaka. Upande huu wanaongea Ekegusii, upande ule Kipsigis, na bei ya ng'ombe wanakubaliana kwa Kiswahili. Mara kadhaa, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpaka huu umemwaga damu na nyumba zimechomwa pande zote mbili. Nalitaja hilo kwa sababu nyimbo za pande zote mbili hulitaja. Zamani zaidi, mwishoni mwa karne ya 19, watu hawa walipigana vita vikubwa ambavyo Wakisii huviita Saosao, na simulizi zake zinaimbwa hadi leo. Lakini njia ya vita ni njia ya biashara pia, na kinubi kilipita humo humo.

Baada ya Sotik na Kaplong unafika Kapkatet. Mji ni mdogo, una hospitali, maduka, vituo vya bodaboda na chai pande zote. Kwa mpenzi wa muziki hapa ni mahali pa kusimama. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nusu ya Afrika na mashine ya kurekodi, alifika katika nchi hii ya Wakipsigis akakuta wimbo unaoitwa Chemirocha. Wasichana walikuwa wakimwimba mgeni wa ajabu, nusu mtu nusu paa, huku kinubi kikipigwa, na wakimwalika aje kucheza nao. Mgeni huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyewahi kufanya kazi kwenye treni, aliyeanza kurekodi mwaka 1927 na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Santuri zake ziliwahi kupigwa kwenye gramafoni katika vilima hivi, watu wakalisikia jina, wakalitamka kwa ndimi zao, wakampa mwili wa paa na kumwingiza katika wimbo.

Nimeisikiliza rekodi hiyo mara nyingi mno. Kinubi kinazunguka, wasichana wanaingia kwa pamoja, na kuna wepesi ndani yake ambao sijausikia katika rekodi nyingine yoyote ya miaka ile. Waandishi wengi wameishangilia kama ushahidi kwamba muziki wa Marekani ulifika kila kona. Mimi naisikia kinyume chake. Wasichana wale walimchukua Mmarekani mashuhuri wakamfanya mtu wa kwao. Hawakuiga uimbaji wake wala gita lake. Walichukua jina peke yake, na wakalipa kazi katika mzunguko wa kinubi chao, kama mzee wa Gesima anavyolipa kazi jina la baba yake.

Kisha tazama kilichotokea kwa majina yao wenyewe. Lebo ya rekodi inamtaja mwimbaji mmoja, Chemutoi Ketienya, na waliobaki wanaitwa tu wasichana wa Kipsigis. Jimmie Rodgers, ambaye hakuwapo, jina lake linajulikana kwa kila anayeujua wimbo huo. Wengi wa walioimba wakaondoka bila majina. Katika miaka ya 2010 maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha nchini Afrika Kusini ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ya Tabu Osusa, kuzirudisha rekodi za aina hii kwa jamii zilikotoka, na baadhi ya waliorekodiwa wakapatikana wakiwa wazee sana. Hiyo ni kazi njema, na ninaiheshimu. Lakini ilichelewa zaidi ya miaka 60, na wengi walikuwa wameshazikwa.

Kabianga sikukaa. Leo kuna chuo kikuu na shule yenye sifa ya zamani, na baridi ile ile ya simulizi bado ipo jioni. Nilitazama mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa hadi upeo wa macho, nikajaribu kuwaza watu waliofika hapa na wimbi na ng'ombe wa nyanda za joto wakaona kila walichopanda kinakufa. Kisha nikashuka.

Kushuka kutoka Kericho hadi Kano ni kushuka kwa kweli. Masikio yanaziba, koti linavuliwa, na kabla hujafika Awasi chai imeshatoweka na miwa imeanza. Ukifika Ahero uko kwenye mashamba ya mpunga na uwanda umetandaa hadi ziwani, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapa Wajaluo ndio wenye nchi, na hapa kinubi ni nyatiti. Nacho kina nyuzi nane, ila ni kidogo kuliko obokano na sauti yake ni ya juu na kali zaidi. Mpigaji wa jadi huketi chini kwenye kigoda kidogo, hulaza chombo ubavuni, huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga nayo mti wa kinubi, na mguuni hufunga njuga. Mtu mmoja anakuwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Kwa mila ilikuwa kazi ya wanaume. Siku hizi yupo Anyango, mwanamke wa Kijapani aliyejifunza kijijini na kuipeleka hadi Tokyo, na yupo Suzanna Owiyo wa Nyakach, ambaye babu yake alikuwa mpiga nyatiti na ambaye mwaka 2001 aliimba wimbo wa miaka mia ya mji wa Kisumu.

Katika kikao cha nyatiti, jina ni mali. Msikilizaji hutoa pesa, muziki unasimama, naye anasimama kujisifu: yeye ni nani, mwana wa nani, anampenda nani, ana nini. Desturi hiyo inaitwa pakruok. Baada ya sifa zake, mwimbaji anaendelea na kumtaja kwa wimbo. Benga, muziki wa gita uliozaliwa pande hizi, uliirithi tabia hiyo moja kwa moja. Ndiyo maana santuri za Daniel Owino Misiani na za wengi waliomfuata zimejaa majina ya watu ambao hutawaona kwenye kitabu chochote cha historia. Mnamo 2008 Ketebul walitoa kitabu na filamu kuhusu njia ya benga, na mtu akiniuliza aanzie wapi kujifunza muziki wa magharibi mwa Kenya, huwa ninamwelekeza huko.

Sasa naweza kumfikia Ayub Ogada.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akaitwa Job Seda. Wazazi wake walikuwa wanamuziki, na alipokuwa mtoto familia iliishi kwa muda Chicago, ambako waliwaimbia Wamarekani nyimbo za Kijaluo. Kwa hiyo hakukulia miguuni pa mpiga nyatiti wa Kano. Alikua kijana wa mjini, msikilizaji wa redio na rok, na katikati ya miaka ya 1970 akajiunga na vijana wenzake wa Nairobi katika bendi iliyoitwa Black Savage. Waliimba kwa Kiingereza kama vijana wengi wa wakati ule, wakitaka sauti ya dunia nzima. Lakini mwaka 1976 bendi hiyo ilirekodi wimbo wa Kijaluo uitwao Kothbiro, yaani mvua inakuja. Ndani yake kuna mawingu yanayokusanyika na sauti inayohimiza ng'ombe warudishwe boma kabla ya mvua kunyesha. Aliyeutunga pamoja naye ni James Mbarak Achieng, mwenzake wa Black Savage.

Baada ya hapo, mwaka 1979, akawa mmoja wa walioanzisha African Heritage Band. Ilikuwa bendi ya nyumba ya sanaa ya jina hilo iliyoanzishwa na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kenya, pamoja na Alan Donovan. Katika jukwaa hilo gita la umeme na ngoma za kisasa zilikaa bega kwa bega na vyombo vya jadi, na hapa ndipo nyatiti ilipoanza kuwa yake. Mtu wa mjini, aliyekwisha kujua gita na ngoma, alijifundisha chombo ambacho angekirithi bila kuuliza kama angezaliwa kijijini. Alilazimika kukichagua. Naona hilo ndilo lililomfanya akipige kwa namna ambayo mpigaji wa kijijini hakuwa na sababu ya kuifikiria.

Mwaka 1985 alionekana katika filamu ya Out of Africa, bado kwa jina la Job Seda, akicheza kama Kanuthia. Mwaka uliofuata alikwenda Uingereza akiwa na nyatiti yake. Alipiga barabarani na katika vituo vya treni za chini ya ardhi London, wapita njia wakitupa sarafu, hadi watu wa tamasha la WOMAD la Peter Gabriel wakamsikia. Katika miaka hiyo jina Job likawa Ayub, Job yule yule wa Biblia, na Seda likampisha Ogada.

Albamu yake En Mana Kuoyo ilirekodiwa katika studio za Real World, Wiltshire, na ilitoka mwaka 1993. Ndipo Kothbiro iliporudi, safari hii bila bendi. Isikilize ukijua ulikotoka. Nyatiti inaanza peke yake, mzunguko mfupi unaojirudia bila haraka, na nyuzi za chini zinaachwa zilie hadi mwisho kabla ya zile zinazofuata kuguswa. Sauti inaingia kwa upole, karibu kunong'ona, na inashikilia silabi muda mrefu kuliko nyatiti ya Kano ingeiruhusu. Nyatiti ya kikao ni ya kasi, ya majigambo na mabishano, imejaa watu. Hapa watu wameondoka. Hakuna anayejisifu, hakuna anayekatiza wimbo ili ataje jina la baba yake. Katika wimbo ule ule uliokuwa wa bendi, yeye na wachache waliomsaidia wameondoa kila kitu kisichohitajika, mpaka kimebaki chombo, sauti na mvua inayokuja.

Wapo waliosema albamu hiyo ni kurudi kwenye mizizi. Sikubaliani nao, na njia niliyoipita ndiyo inayonipa ujasiri wa kusema hivyo. Mizizi ya nyatiti ni kikao chenye kelele, si ukimya. Alichokifanya Ogada ni kipya kabisa: alitengeneza kinubi cha mtu mmoja aliye mbali na kwao, kinachosikilizwa na watu wasioelewa neno hata moja. Wasichana wa Kapkatet walifanya jambo la aina hiyo kutoka upande wa pili, walipomchukua mgeni wakamfanya wa kwao. Yeye alikichukua cha kwao akakifanya kisikike kwa wageni bila kukipaka rangi. Kazi zote mbili zinahitaji kipaji kikubwa, na hakuna iliyo halisi zaidi ya nyingine.

Kulikuwa na gharama, hata hivyo, na gharama hiyo ilikuwa majina. Mwimbaji anayejitaja ndani ya wimbo analindwa na wimbo. Ogada aliacha kujitaja. Kothbiro ikaingia katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Fernando Meirelles na kupigwa picha kwa sehemu nchini Kenya. Watu wengi duniani wakausikia kwa mara ya kwanza pale, juu ya picha za jangwa, ukiwa wimbo wa huzuni usio na mwenyewe. Nimekutana na Wakenya wanaoujua wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wanadhani ni wimbo wa zamani wa Kijaluo usio na mtunzi. Nimekutana na wengine wanaomjua Ogada na hawajawahi kusikia habari za Mbarak Achieng wala Black Savage. Mwaka 2018 Kanye West alipoutumia katika wimbo wake Yikes, majina yote mawili, la Achieng na la Ogada, yaliingia katika orodha ya watunzi. Hilo lilinifurahisha kuliko wimbo wenyewe.

Ogada alirudi Kenya mwaka 2007, akaishi Nyahera. Kutoka Kisumu unapanda, na ukigeuka nyuma unaona ziwa lote na uwanda wa Kano ulikotoka, na mbali kusini, siku isiyo na ukungu, vilima vya Kisii vilivyo kama mstari wa buluu. Hapa hakustaafu. Mpiga gita wa Uingereza Trevor Warren alimfuata Kenya, na albamu yao Kodhi ilitoka mwaka 2015. Ndani yake sauti yake imekauka kidogo na imezama chini zaidi, na nyatiti inaongea na gita kama watu wawili wazima wasio na haja ya kushindana. Ukiisikiliza baada ya En Mana Kuoyo, utasikia mtu aliyekoma kuwa peke yake. Ogada alifariki dunia tarehe 1 Februari 2019.

Kuna kazi moja ambayo njia hii imeniachia. Nyatiti ina Ogada, ina Owiyo, ina rekodi na filamu na orodha za watunzi zilizosahihishwa, hata kama zilichelewa. Chepkong ina Chemirocha, ingawa wasichana wake wengi hawajatajwa. Obokano bado inategemea wazee kama yule wa Gesima wanaojitaja wenyewe ndani ya nyimbo zao, na kila mmoja wao akifa anaondoka na majina ya wote waliomfundisha. Kwa hiyo nataka kurudi Gesima na kinasa sauti, nianzie kwa Tata, nimwombe aimbe majina kwanza, lake, la baba yake na la aliyemfundisha baba yake, na nyimbo zifuate baadaye. Kutoka kwake nitakwenda Keroka siku ya soko, kwa sababu aliniambia wapo wapigaji wengine wanaokuja pale kuuza ndizi.